Mama Asije

Jumatatu, 6 Julai 1992

Nimepalilia mpaka saa nne. Ukungu haukuondoka mlimani siku nzima. Baridi ya kung'ata. Nimekagua mikungu yote, nimechagua mmoja: mshare, ndizi za kupika, ule wa nyuma ya jiko, kwenye shina kilipozikwa kitovu cha mwanangu Elinuru. Nimeufunga kitambaa chekundu, mtu asije akaugusa. Kahawa ni ya Baba Elinuru. Migomba ni yangu. Hilo hata yeye hawezi kulibadilisha.

Anajifungua wiki ya tatu ya mwezi huu. Loliondo, karibu kabisa na mpaka, anakofundisha. Kuna Wamasai huko, Wasonjo, Wakurya wachache, Wachaga wenye maduka, na majani. Majani mpaka Kenya. Mgomba hakuna. Mzazi asiyekunywa mtori wa ndizi ni mzazi gani? Mimba ya kwanza iliharibika mwaka jana, alikuwa peke yake. Baba yake aliniambia nisubiri kiangazi, nikasubiri. Safari hii sisubiri mtu.

Redio inasema vyama vingi sasa ruksa. Nyumba hii bado ina chama kimoja.

Jumatano, 8 Julai

Sakina. Nimezunguka gereji tatu za huko mjini mpaka nikampata dereva, Temba, anayepeleka sukari na sabuni Loliondo. Anaondoka Jumatatu, lori likijaa. Siku mbili njiani, tatu likikwama.

Nilitunza stoo ya jiko la kiwanda miaka kumi na saba, mpaka walipotupunguza. Najua kila kitu kinakaa siku ngapi. Mshare uliokomaa ukikatwa leo, wiki ijayo unaanza unjano. Ndizi mbivu haipikwi mtori. Kwa hiyo kukata Jumapili jioni, si kabla.

Temba ameuliza kama mzee anajua. Nimemwambia aangalie springi zake.

Alhamisi, 9 Julai

Nimemwambia Baba Elinuru. Maneno yakaja yote kwa pamoja. Kwamba Elinuru aliolewa huko huko bila yeye kuwepo. (Aliitwa. Hakwenda.) Kwamba Umasaini hakuna barabara. Nimemkumbusha kuwa mkwe wetu si Mmasai, ni Msonjo, na kwao wanalima kwa mifereji kama sisi. Akaweka kijiko chini.

"Na kitovu cha mtoto mtakizika wapi? Kwenye majani, ng'ombe wakanyage?"

Limeniudhi kwa sababu ni swali zuri.

Ijumaa, 10 Julai

Baba Elinuru amekwenda mjini kununua mrututu wa kunyunyizia kahawa. Amerudi na karatasi kutoka ofisi ile ya kanisa yenye simu ya upepo, inayoongea na zahanati za Loliondo kila asubuhi. Ameiweka mezani, akaweka kikombe juu yake isipeperuke. Mwandiko wa karani: "Kutoka kwa Elinuru. Mama asije."

Basi. Maneno mawili.

Amekula vizuri sana.

Jumamosi, 11 Julai

Sikulala. Soko la Tengeru limenipita, sikutoka nje ya ua.

Nimemkosea nini? Au ni mume wake hataki? Au ana hasira ya mwaka jana? Akiwa nayo ana haki. Nilikaa hapa nikingoja kiangazi.

Naumia. Naandika hapa nisije nikasema mbele ya huyu mtu.

Jumapili, 12 Julai

Mahubiri sikuyasikia. Wakati wa wimbo wa sadaka nimeamua. Nitakwenda. Akitaka kunifukuza anifukuze mwenyewe, nikiwa mlangoni kwake, nimwone uso. Karatasi hainifukuzi.

Jioni nimenoa panga. Kabla sijafika kwenye mgomba, dada yangu wa Kaloleni akaingia na salamu za Temba: lori halitoki kesho. Springi imekatika kweli. Sasa ni Alhamisi. Mdomo wangu huu! Nimerudisha panga.

Jumatatu, 13 Julai

Nimeteremka mjini mwenyewe, mpaka kwa karani. Kijana mpole. Alivyosikia jina la Elinuru akasimama.

"Shikamoo mama. Ile habari haikuisha. Nilisikia 'mama asije', halafu mvumo tu, upepo ukakatika. Mzee nilimwambia apite kesho yake."

Mzee hakupita.

Akanivutia kiti. Ameahidi kuuliza tena. Betri ya kule ni mbovu, pengine watapatikana Jumatano.

Nyumbani nimeuliza mara moja tu: ulijua haikuisha? Akasema yeye alipewa karatasi, akaleta karatasi. Miaka thelathini na moja ya ndoa. Sijawahi kumwona mwongo, na leo bado hajasema uongo. Ndiyo maana inauma zaidi. Nimehamishia blanketi langu chumba cha Elinuru.

Jumanne, 14 Julai

Nimekata mkungu.

Kabla ya jibu, tena makusudi. Jibu likija baya, mkungu uko chini tayari na safari iko palepale. Mgomba ukishazaa kazi yake imekwisha, nimeuangusha pia. Utomvu umeharibu kanga. Baba Elinuru alikuwa kwenye kahawa yake, anaona kila kitu. Hakuja. Nami sikumwita. Mkungu mzito, nimeuburuta mpaka barazani mwenyewe nikipumzika mara nne.

Jumatano, 15 Julai

Saa tatu asubuhi, ofisini kwa karani. Sauti ya nesi ilikuja kwa mbali, inakwaruza. Karani akamwomba arudie. Akarudia pole pole, kama anayesomea watoto imla:

"Mama asije bila ndizi."

Asije bila ndizi!

Nimecheka mpaka nimelia, na karani naye. Mtoto jeuri huyu, yuko mpakani na tumbo la miezi tisa, ananitumia amri. Kafanana na mimi. Siku tano nimejiona mama mbaya kwa sababu ya betri. Betri, na mtu mmoja asiyetaka kupita ofisini mara ya pili.

Nilirudi nyumbani kuchukua mzigo. Karatasi mpya aliyoniandikia karani nimeiweka mezani, palepale, na kikombe juu yake. Sikumuaga. Nitalala Kaloleni kwa dada, mkungu niko nao.

Alhamisi, 16 Julai

Sakina. Lori limejaa. Mkungu uko juu ya magunia ya sukari, nimeufunika kwa majani makavu ya mgomba. Bado kijani, mgumu. Nimeubonyeza mara mbili kuhakikisha.

Saa moja Baba Elinuru ametokea, amevaa koti la kanisani, viatu vina tope la shambani. Mkononi ana mche wa mgomba, mizizi imefungwa kwenye kipande cha gunia kilicholoweshwa. Ameung'oa nyuma ya jiko, kwenye lile shina la kitovu. Habari ya karatasi hakuigusa. Amesema mche umwagiwe maji jioni, si asubuhi, na upandwe karibu na nyumba, mbuzi wa huko wasiusogelee.

Nimemwambia sawa.

Akauliza kama nimebeba sweta. Nimebeba.

Temba alitaka kuutupa mche nyuma pamoja na mizigo. Nimekataa. Nimekaa mbele, dirishani. Mche nimeupakata.