Tofali la Kasho

Siku ya ine, muji wa Baraka

Huu mudomo wangu! Ni mi mwenyewe, mwalimu wa historia, nilisimama mbele ya komite ya kanisa nikasema Baingereza ba zamani balijenga makanisa yabo na matofali yenye Baroma baliacha. «Na sisi tubomoe ile kasho, gereza ya zamani yenye Babeleji balijenga, tujenge kanisa na matofali yake.» Batu bakapiga makofi.

Leo fundi ananiita: «Mwalimu, kuya uone! Hii tofali iko na maandishi.»

Nikasoma: MUNGU ANAJUA SIKUIBA KUKU.

Ni maandishi yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, balinifunga mu ile kasho siku mbili.

Nikamwambia fundi aipake simenti haraka. Pasta akafika, akasoma, akakataa, macho yamejaa machozi. «Huyu muntu wa haki aliteswa bure! Tutaiweka karibu na mimbari, batoto basome.» Na siku ya Mungu, kwenye ibada, ni mi nitaieleza mbele ya kanisa nzima, eti kwa sababu mi najua historia.

Kuku yenyewe ilikuwa ya mama yake pasta.

Mungu anajua, ndiyo. Anajua hata vile niliikula na mboga ya sombe.