Kaburi Ndani ya Miwani

Kwako Kang'ethe,

Huku Kiamunyi mvua imenyesha, na kikohozi cha Mama kimepungua tangu nilipomleta kwangu. Ile miwani ya VR uliyomtumia ilifika. Akiivaa anaona shamba letu la Ndabibi kama ulivyolirekodi Desemba: ng'ombe, jikoni, kaburi la Baba. Tulidhani unarekodi ukumbusho. Kumbe ulikuwa unaliuza, na Baba ndani yake! Juzi nilienda kupanda viazi, soja akanizuia getini, eti mwenye shamba hataki wageni.

Mama sijamwambia. Jana alivaa miwani, akapiga magoti kwenye zulia langu, akaanza kupalilia kaburi. Mikono ilishika hewa tu. Akaniuliza, "Waithera, mbona hizi nyasi hazing'oki?"

Mjibu wewe.

Dada yako,
Waithera