Mshauri Wangu Anamtumikia Nani?

Mpendwa Bi Ulfat, naomba msaada wako kabla ya Jumatatu, siku ya kutia saini, maana kalamu nshaificha kabatini nisije nikasaini kwa haya tu. Mimi ni mkunga, nimestaafu mwaka huu, nnakaa Mpendae, na tangu nipate kiinua mgongo anakuja nyumbani kijana mmoja, Borafya, anajiita mshauri wa fedha, ana adabu skwambii, hakosi shikamoo, hakosi halua, ushauri wake wa bure, na ananisihi nitie pesa zangu zote katika mpango wa kampuni moja ambao haufunguliwi mpaka ipite miaka kumi, nami nshakubali moyoni, hata binti yangu Khairat nlimwambia asinitie wasiwasi, lakini juzi nimekwenda kwa jirani yetu Usi, seremala wa miaka ishirini na minne, nikaikuta mezani fomu ile ile aliyoniletea Borafya, neno kwa neno, kama kwamba mimi na kijana yule mahitaji yetu ni mamoja. Nikamuuliza Borafya kampuni inamlipa nini. Akacheka. "Bibi, mimi na wewe si biashara, sisi ni familia." Sasa nnaona haya kumkatalia, na halua yake nshaila. Nifanyeje?

Mwamvua, Mpendae

Bi Mwamvua, halua imeshaliwa, iwe afya. Haikufungi kusaini kitu. Umenichekesha, na umenikera pia. Miaka yote hukumwachia mtu amguse mzazi wodini bila kujua ni nani na kasomea wapi, leo unamkabidhi jasho lako mtu usiyejua analipwa na nani? Ulimuuliza malipo, akakujibu familia.

Wako washauri waliofungwa na wajibu wa amana: lazima watangulize maslahi yako kabla ya yao, na wakueleze kila wanachopata. Wengine ni wauzaji, wanakula kamisheni. Kuuza si kosa, almuradi ujue unazungumza na muuzaji.

Mpigie leo. Akuandikie na kutia saini: analipwa na nani na kiasi gani, amesajiliwa wapi, na kwamba ataweka faida yako mbele ya yake. Usajili kauhakikishe mwenyewe. Hakuandika, usisaini. Na Khairat akae nawe.

Jibu hili nilimpelekea kwanza, na kabla safu hii haijachapwa, Bi Mwamvua alinipigia simu. Borafya alikuja, akaisoma karatasi ya masharti hayo mara mbili, akairudisha mezani. Kisha akasema, "Hii siwezi kusaini. Na ungekuwa mama yangu, nisingekwambia uzifunge pesa miaka kumi."

Bi Mwamvua akammiminia chai. "Huo," akamwambia, "ndio ushauri wa kwanza ulionipa."