Lebo Isiyo na Jina kwenye Karatasi Na. 3117

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SITA CHA KAMATI YA MAJINA YA MIMEA KILICHOFANYIKA TASHKENT, KATIKA CHUMBA CHA MIMEA MIKAVU, JUMATATU TAREHE 14 FEBRUARI 1949

(Rasimu ya Katibu, imeandikwa alasiri ileile kutoka kwenye daftari la kikao. Si ya kusambazwa.)

WALIOHUDHURIA
Ndg. Ergash Norboyev, Mwenyekiti
Domla (yaani Mwalimu) Burhon Sattorov, Mjumbe, aliyewafundisha kazi Mwenyekiti, Katibu na Ndg. Hakimova
Ndg. Zumrad Hakimova, Mjumbe, mtunza mimea mikavu na funguo zake
Ndg. Ilhom Mansurov, Katibu

MWALIKWA
Ndg. Stepan Gavrilovich Rukavitsin, kutoka ofisi ya mjini

ASIYEKUWEPO
Ndg. Pavel Zimin, Mjumbe. Sababu haikutolewa na haikuulizwa.

KUMB. NA. 1/49: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa nne na dakika kumi asubuhi. Ndg. Hakimova alimimina chai kwa mazoea, bakuli tano za wajumbe na moja ya mwalikwa. Mwenyekiti alisema bakuli zimezidi moja, nayo ikaondolewa. Mwenyekiti alimkaribisha mwalikwa na kueleza kwamba amekuja kusikiliza tu. Mwalikwa alikaa karibu na jiko, akiwa na koti lake mwilini.

KUMB. NA. 2/49: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Zilisomwa. Mwenyekiti alieleza kwamba jina la Ndg. Zimin limetokea mara saba, akaagiza lipunguzwe. Katibu aliuliza lipunguzwe hadi mara ngapi. Mwenyekiti alijibu: "Ilhom, usinitanie leo." Ilikubaliwa kwamba lisibaki hata moja.

KUMB. NA. 3/49: NYASI ZA MLIMANI ZA UKOO WA NGANO
Mwenyekiti alikumbusha kwamba juzuu ya pili ya Kitabu cha Mimea inasubiri jambo moja tu, nyasi za milima ya Chimgan. Ziko za aina mbili au ni moja? Kwa macho ni moja: suke lile lile, jani lile lile, hata mbuzi hawazibagui. Lakini mwaka 1946 mjumbe ambaye sasa hatajwi alikata ncha za mizizi, akazitia rangi, akazitazama kwa hadubini. Katika nyasi za bondeni alihesabu kromosomu kumi na nne. Katika zile za juu alihesabu ishirini na nane. Akaandika kwamba za juu ni uzao wa nyasi za bondeni na nyasi nyingine jirani, zilizochanganyika zamani, na kwamba sasa ni spishi mbili, mama na mtoto.

Mwenyekiti alieleza kwamba kwa mujibu wa azimio la Agosti mwaka jana kutoka Moscow, urithi haukai kwenye kromosomu, na kuzihesabu ni sayansi ya mabepari. Kwa hiyo nyasi ni spishi moja iliyobadilishwa na baridi ya mlimani.

Domla aliuliza kama baridi hiyo imewahi kuonekana ikifanya kazi hiyo. Mwenyekiti alisema swali hilo liwekwe kiporo.

Iliamuliwa kwa kauli moja kwamba ni spishi moja. Domla alikuwa wa mwisho kunyoosha mkono, na hakuunyoosha sana.

KUMB. NA. 4/49: LEBO
Mwenyekiti alipendekeza kwamba lebo zote za hesabu zibanduliwe kwenye karatasi zilizobandikwa mimea hiyo kwa maji ya uvuguvugu na kutiwa motoni. Karatasi ni ishirini na tatu.

Domla aliomba kusema. Alisema chumba hiki kina karatasi za tangu enzi za wafalme, na tangu hapo lebo haibanduliwi. Anayekuja nyuma akiona aliyemtangulia alikosea, anabandika ya kwake chini yake na kutia tarehe, ili wa tatu aone wote wawili na kuamua. "Hata ya mpumbavu tunaiacha," alisema. "Bila ya mpumbavu, wa baadaye atajuaje kwamba mwerevu alibishana na nani?"

Ndg. Rukavitsin alisema kwa sauti ya kawaida: "Na ya msaliti je, babu?"

Katibu anakiri kwamba katika miaka minne ya kuandika kumbukumbu za kamati hii hajawahi kuona wajumbe wakitazama chai yao kwa makini namna ile.

Iliamuliwa kwamba lebo zibanduliwe.

KUMB. NA. 5/49: KARATASI NA. 3117
Wakati wa kukagua, Ndg. Rukavitsin aliona kwamba karatasi Na. 3117 ina lebo mbili. Ya kwanza ina jina la yule asiyetajwa. Ya pili, ya tarehe 9 Mei 1947, inasema: "Nimehesabu upya. Ishirini na nane. Yuko sahihi." Haina jina.

Alisema kwamba mmoja wa waliopotoka tayari anajulikana yuko wapi. Sasa ofisi yake inataka wa pili, na inamtaka leo. Hapo wajumbe walielewa kwamba hakuja kusikiliza tu.

Alianza na Ndg. Hakimova. Ndg. Hakimova alisema hajui. Ndg. Rukavitsin alimwambia: "Dada, ufunguo unao wewe. Mlango unaufunga wewe. Hii lebo iliingia kwa tundu la panya?" Ndg. Hakimova alirudia kwamba hajui. Aliishusha mikono yake kutoka juu ya meza. Ndg. Rukavitsin alisema kwamba kama mwenye lebo hatapatikana, mwenye ufunguo atachukuliwa kuwa ndiye.

Mwenyekiti aliulizwa, akasema hajui. Katibu aliulizwa, akasema hajui.

Katibu alikuwa anajua. Lebo ile ni ya Katibu. Alizihesabu kromosomu mara tatu, kwa furaha, na kilichomsahaulisha kutia jina ni furaha hiyo. Sentensi hizi nne hazitaingia kwenye nakala safi.

KUMB. NA. 6/49: KULINGANISHA MIANDIKO
Ndg. Rukavitsin alisimama, akaja hadi kwa Katibu na kuiweka karatasi Na. 3117 pembeni ya daftari la kikao lililokuwa wazi. "Ninyi mnalinganisha majani," alisema. "Mimi nalinganisha herufi. Kazi ni ile ile."

Katibu aliacha kuandika. Herufi za lebo zililalia kulia, na mkia wa nambari tisa ulirudi ndani kama ndoano. Herufi za daftari zililalia kulia, na tisa yake ilikuwa na ndoano. Katibu aliogopa kuliko siku yoyote ya vita.

Ndg. Rukavitsin alisema: "Naona ndugu wawili hapa."

Domla aliomba waletewe lebo nyingine zozote, za mwaka wowote. Ndg. Hakimova alileta kabrasha. Lebo ya Mwenyekiti ya 1934 ilikuwa na ndoano. Za Ndg. Hakimova zote zilikuwa na ndoano. Domla alieleza kwamba kila mwanafunzi wake alinakili lebo mia tano kwa kalamu ya chuma kabla ya kuruhusiwa kugusa mmea, na aliyeandika tisa vibaya alianza upya. Mwenyekiti alithibitisha kwamba yeye alianza upya mara mbili.

"Ndoano hiyo haikwambii nani," Domla alisema. "Inakwambia tu wametoka kwa mzee mmoja. Sasa, mwanangu, mbona unahangaika na watoto wakati mzee mwenyewe yupo? Lebo ni yangu. Nilihesabu mimi."

Ndg. Rukavitsin aliuliza kama wajumbe wana pingamizi. Ndg. Hakimova alimtazama Katibu. Katibu alitazama daftari.

Hakukuwa na pingamizi.

Domla aliomba amalizie chai yake, akaruhusiwa. Aliondoka na mwalikwa saa sita na robo.

KUMB. NA. 7/49: MENGINEYO NA KUFUNGA
Mwenyekiti aliagiza nakala safi iseme kwamba Domla Sattorov alikiri kwa hiari yake, na kwamba kamati ilishtuka. Aliagiza pia lisiandikwe neno lolote kuhusu afya ya Domla.

Katibu anaandika hapa neno hilo, kwa kuwa rasimu hii haitasomwa. Domla ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili tangu mwaka 1944. Tangu hapo hajaangalia hadubini. Barua zake anasomewa na Ndg. Hakimova, na leo ni Mwenyekiti aliyemshika mkono kupanda ngazi. Wote watatu tulijua kwamba hawezi kuhesabu hata vidole vya mtu aliye upande wa pili wa meza. Sentensi moja tu ingetosha kumrudisha kwenye kiti chake.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye la kuongeza. Hakuna aliyekuwa nalo.

Kikao kilifungwa saa saba kasoro dakika ishirini mchana.

Mwenyekiti: (atasaini nakala safi)

Katibu: I. Mansurov