Ekrani ya Aline

Aline mwanangu,

Sombe iko mu sufuria, upashe moto. Ufunge mlango ya nyuma.

Asubuhi nilikusikia uko unaomba mjomba wako Patient akusindikize Bujumbura kuchagua ekrani ya kompyuta ya michezo yako. Sawa. Minye niko natengeneza televisheni tangu haujazaliwa, lakini weye unauliza muuza samaki! Akisema "4K tu," umukatalie. Kwa mbio za magari, kwanza picha ibadilike haraka. Hiyo 4K, na picha yake kali sana, itachosha ordinateri yako.

~~Ikiharibika, usiniletee.~~ Ikiharibika, ulete.

Mjomba akichelewa hata dakika moja, upite kunichukua kazini. Nimeshavaa shati ya misa.

Baba yako, fundi