Nilimwonya Mama, Nikamficha Rafiki Yangu

Shangazi Rovae, salamu nyingi kutoka kwangu, nakuandikia uniokoe maana nimefika mahali watu siwezi kuwatazama usoni. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, kwetu ni kijiji cha Gorogaha, nafanya kazi kwenye maabara ya kupima maji hapa mjini Moresby, na kazi yangu hasa ni kufuga wanyama wadogo wa majini tunaowaita viroboto wa maji, wadogo kama punje ya ufuta, miili yao kama kioo hata ukiwatazama kwa hadubini unauona moyo ukidunda, hawamuumi mtu, ila maji yakiwa na shaba au risasi au madini mengine yenye sumu wao ndio wa kwanza kufa, kwa hiyo tunaweka wachanga kumi kwenye kikombe cha maji tunayoyashuku, na baada ya siku mbili tunahesabu wangapi bado wanaogelea.

Sasa Shangazi, mwezi uliopita mvua ilibomoa ukingo wa yale machimbo ya shaba yaliyoachwa zamani juu ya kijiji chetu, na nilipokwenda nyumbani nikaona mawe ya kijito tunachokunywa maji yake yamepakwa ukijani ambao haukuwapo, nikachota chupa mbili, nikarudi nazo kazini, na kufika siku ya pili wote kumi walikuwa wamelala chini ya kikombe, nikarudia wakafa, nikarudia tena wakafa, na wale niliowatia kwenye maji ya chemchemi ya mlimani wanaogelea mpaka leo na wameshazaa.

Nikamwambia mkuu wangu, Bwana Hitolo, akavua miwani akasema, "Moale, viroboto wanatuambia maji yana ubaya, hawatuambii ni ubaya gani. Chupa nyingine imekwenda Brisbane, Australia, kwenye mashine ya kupima madini, majibu ni baada ya wiki sita. Mpaka hapo funga mdomo, uliweka sahihi ya kutunza siri za maabara." Na kweli niliweka sahihi, na nina wadogo zangu wawili shuleni wananitegemea, lakini nisikudanganye, kinachonifunga zaidi ni aibu, kwa sababu mwaka juzi nilitangaza kijijini kwamba maji ni mabaya, watu wakakiacha kijito wiki nzima, kumbe vikombe nilivisafisha kwa sabuni sikuvisuuza vizuri, sabuni ndiyo iliyowaua, na tangu hapo nikipita sokoni mzee Vagi ananipigia kelele, "Mama Viroboto! Leo wamekunong'oneza nini?" na watu wanacheka mpaka mate mekundu ya popoo wanazotafuna yanawatoka.

Basi nikamwambia mama yangu peke yake. Akaacha kijito, akaanza kupanda mlimani kuchota kwenye chemchemi, na wanawake wakaanza kumsema eti binti yake yuko mjini ndiyo maana maji yetu hayamfai tena. Halafu Geua, rafiki yangu tuliyelala mkeka mmoja tangu utoto, ana mimba ya miezi saba baada ya kupoteza mbili, akanipigia simu: "We Moale, mama yako kijito kimemkosea nini?" Nikamjibu, "Ananyoosha miguu tu, daktari kamwambia." Akacheka sana, akaniambia ngoja kidogo nina kiu, na nikamsikia anameza, Shangazi, kwenye simu nikamsikia anameza, na mimi nikanyamaza. Leo ni siku ya tisa. Nifanye nini?

Moale

* * *

Moale binti yangu,

Barua yako sikuiacha isubiri zamu yake gazetini. Uliandika namba yako chini, nikakupigia siku hiyohiyo, na kwa kuwa umeniruhusu na Gorogaha nzima sasa inajua, nayaandika haya kwa ajili ya wengine.

Kwanza pole. Anayeaibishwa mara moja mbele ya watu huogopa kufungua mdomo hata nyumba ikiwaka, na hilo nalielewa. Lakini siku tisa, Moale! Ulikuwa na hakika ya kutosha kumwokoa mama yako, kwa hiyo ulikuwa na hakika ya kutosha kwa Geua. Nilikuambia hivyo kwenye simu, ukalia, nikakuacha ulie, kisha nikakuambia uanze na Bwana Hitolo, umwambie uso kwa uso kwamba unakwenda kijijini kuwaonya watu, halafu upande gari.

Ulikwenda. Ulimkuta Geua anamenya viazi. Umenisimulia alivyokusikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi, kisha akasema, "Siku tisa unanicheka?"

"Sikukucheka, Geua. Niliogopa."

"Mimi ndiye wa kuogopa. Toka." Akainuka na tumbo lake, akaimwaga nje sufuria yote ya maji ya kijito, na viazi vyake.

Hukutoka kijijini, na hapo nakusifu. Uliwaita wanawake baada ya ibada ya Jumapili, ukawaeleza habari ya sabuni kabla hawajakukumbusha wao, ukawaomba wachote chemchemi tangu saa ileile, ukapanga vikombe sita kwenye benchi la kanisa kwa ajili ya viroboto uliokuja nao: vitatu vya maji ya kijito, vitatu vya maji ya chemchemi. Mzee Vagi, aliyekuwa amesimama nyuma yao, akasema, "Safari hii vikombe tunaosha sisi." Wakaosha wao, wakasuuza wao, wakahesabu wao. Jumanne waliinama mmoja mmoja kwenye lenzi yako. Kwenye maji ya chemchemi wote walikuwa wanaogelea, kwenye maji ya kijito hakukuwa na hata mmoja anayecheza. Mzee Vagi alikaa kwenye benchi, akauliza tu, "Na wajukuu zangu je?"

Bwana Hitolo amekupa barua ya onyo. Ipokee, uliivunja ahadi yako. Lakini siku hiyohiyo amepeleka lori la maji na kumwita ofisa wa afya, kwa hiyo usimfanye adui.

Sasa sikiliza. Usimwambie mtu ni shaba au ni risasi mpaka majibu ya mashine yaje. Sema unachokijua, kwamba maji hayo yanaua viroboto wako. Waambie wazi kuchemsha hakusaidii, kwani moto huua vijidudu lakini sumu ya madini, kama ndiyo, hubaki sufuriani. Kome na kamba wa kijito wasiliwe. Kila mama mwenye mimba aende kliniki amweleze mkunga alikuwa anakunywa wapi, na watoto wapimwe damu.

Kuhusu Geua, sina dawa ya haraka. Kliniki wamempima, mtoto anacheza tumboni, na zaidi ya hapo hakuna ajuaye. Usimtumie ujumbe wa kuomba msamaha, usimtume mama yako akusemee. Mlima ule ni mkali na yeye amefika mwezi wa nane. Kila Jumamosi nenda umchotee maji ya chemchemi, umpelekee nyumbani kwake. Akikufungia mlango, acha dumu kizingitini, na Jumamosi inayofuata urudi.

Shangazi Rovae