Udongo wa Baba kwa Kaka Bura

Kaka Bura,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Mama angeniuliza nimelelewa wapi.

Rafiki yako Hamisi, yule wa Tanga mliyelala naye chumba kimoja melini, amefika hapa kijijini Gehandu. Kwenye simu alituambia tu kwamba umefariki kwa homa. Safari hii alikaa na Baba akaeleza yote. Kwamba uliugua ukawa unamwita Mama. Kwamba nahodha alikataa kurudi bandarini kwa sababu meli haijajaa, na haijai, maana nyavu zinapanda na samaki wachache, nanyi mnazidi kusogea mbali na nchi kavu kuwatafuta. Ulipokata roho walikuviringisha kwenye turubai, wakakushusha majini.

Habari hiyo ya samaki ulishaniambia ulipopiga simu kutoka bandari ya ugenini. "Mdogo wangu, bahari nayo inachoka, kama shamba linalolimwa kila mwaka bila kupumzishwa." Nilicheka. Nilidhani bahari haiishi. Mama naye alikuwa na lake: sisi ambao mababu zetu hawakugusa samaki, mwanawe anamla asubuhi na jioni. Akasema ukirudi usukutue mdomo kwanza ndipo umwamkie. Wewe ukamtania kwamba utamletea kichwa cha jodari. Siku hizi akiona dagaa sokoni Katesh anageuka, analia, nami namshika mkono huku nalia vilevile.

Lakini Baba ndiye aliyenitia hofu. Tangu ile simu alikataa msiba. Hakuruhusu watu wakae, hakukubali kunyolewa. Alisema mtu huzikwa na watu wake. Kama mkono wa baba haujatupa udongo, huyo hajazikwa, na asiyezikwa haliliwi. Mama amekuwa akikulilia jikoni, kwa kujificha, kaka. Iliniuma kuliko chochote.

Hamisi alipomaliza kueleza, Baba alimwuliza swali la mchunga ng'ombe: mahali pale pana alama gani? Kuna mlima, kuna mti? Hamisi akainamisha kichwa. "Mzee, ni maji tu."  Baba akauliza kama maji ya Dar es Salaam yanagusana na yale. Hamisi akamjibu kwamba yanagusana, bahari ni moja.

Basi Baba akainuka, akachukua jembe, akaenda nyuma ya zizi, pale kando ya kaburi la Babu ambapo ungelala wewe. Akachimba, akajaza udongo kwenye mfuko wa unga. Alikuwa analia. Sijawahi kumwona analia, hata shamba la ngano la serikali lilipobinafsishwa mkaachishwa kazi nyote wawili, wewe ukaenda kutafuta meli. Jioni ile alikaa kwenye kigoda Mama akamnyoa. Majirani walikuja, na Mama akalia kwa sauti mbele ya watu.

Tukishavuna mbaazi nitawapeleka wote wawili Dar. Baba hajawahi kuvuka Arusha. Atatupa udongo wake, kisha Mama, kisha mimi. Sijui kuogelea, na maji mengi nayaogopa, lakini nakuahidi nitaingia mpaka magotini, ili udongo wangu usirudishwe ufukweni.

Lala, kaka. Tunakuja kukuzika.

Mdogo wako,
Paskalina